Santuri Mpya za Vimondo

Josia Rugaibula, mkaguzi wa shule na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri pale Kibeta, alijulikana kwa kaunda suti yake ya kijivu na kwa hotuba yake juu ya muziki wa kidunia. Hotuba hiyo aliitoa kwenye harusi, kabla watu hawajaanza kucheza, ili wakianza wacheze kwa aibu. Aliitoa kwenye mahafali ya shule za msingi. Hata misibani, na miaka ile Bukoba misiba ilikuwa mingi kuliko harusi, alipata mahali pa kuichomeka, kati ya wasifu wa marehemu na shukrani za familia.

Kwa hiyo siku alipotekwa, alitekwa vibaya.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, asubuhi, anapita mbele ya duka la Jagdish kuelekea ofisini. Miguu ilisimama kabla kichwa hakijaambiwa sababu. Ndani ya duka gitaa la umeme lilikuwa likikwaruza kama msumari juu ya bati, kisha likapanda juu, likakatika, likalia. Josia alilijua gitaa lile. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia.

Jagdish alikuwa nyuma ya kaunta, amefumba macho. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu Vallabhdas, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa bado mjini. Ndugu zake wote walikwishahamia Uingereza na Kanada. Yeye alibaki kwa sababu mama yake, Kantaben, alikataa katakata kuishi katika nchi ambako ndizi zinauzwa moja moja.

"Vimondo," Josia akasema kwa sauti ya chini.

"Vimondo, Ta Josia," Jagdish akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Santuri mpya kabisa. Zimeshuka na meli ya Mwanza."

Josia akasema yeye ameingia kununua chaki tu. Jagdish akasema chaki hana. Josia akasema ataisubiri. Basi Jagdish, ambaye walisoma pamoja na hakuhitaji kuelezwa zaidi, akamfungulia chumba cha nyuma, akamkalisha juu ya gunia la mchele, akaihamishia gramafoni huko.

Ni vizuri ieleweke Vimondo walikuwa nani. Jina lao kamili lilikuwa Vimondo Sita, ingawa walikuwa wanne. Wawili waliobaki walikuwa wakitarajiwa, na jina lilikwishachorwa kwenye dramu kubwa. Walipiga roki, roki hasa, kwa Kiswahili cha shule na makelele ya Kihaya, kwa amplifaya waliyoiazima kwenye chama cha ushirika. Chama kikiwa na mkutano mkuu, mji mzima ulikosa muziki. Mwimbaji wao, Philbert wa Muleba, alifuga nywele kubwa mno, hata akiinama kuimba kipaza sauti kilipotea humo. Mpiga dramu, Mushumbusi, alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo kwa makusudi, ukumbi mzima ukabaki umeinua mguu hewani ukimngoja.

Josia wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuwa mwanachuo wa ualimu, mwenye viatu vya raizoni vya soli nene na suruali ya pekosi. Vijana wa chama tawala walisimama mlangoni mwa ukumbi na chupa ya bia: suruali ambayo mguu wake unapitisha chupa, inachanwa papo hapo. Ya Josia ilipitisha chupa pamoja na mkono ulioishika. Akacheza usiku ule na suruali iliyopasuka mpaka gotini, na msichana mmoja aitwaye Alistidia akamcheka mpaka akakubali kucheza naye, na mwaka uliofuata wakaoana.

Kisha ikaja vita ya Amin. Mabomu yalipofika Bukoba, watu walitawanyika na bendi ikatawanyika nao. Philbert na mpiga gitaa wakaenda Nairobi. Mushumbusi akajiunga na mgambo, akaenda mpakani, hakurudi. Josia na Alistidia walikimbilia Muleba kwa baba yake mdogo, Ishengoma, na waliporudi Kibeta walikuta nyumba haina mlango wala madirisha. Hawajapata pumzi, ukaingia ule ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyovushwa kwa magendo kutoka Uganda, kana kwamba kosa lilikuwa la mashati. Ulimchukua mdogo wake Josia, ukamchukua shemeji, ukaacha watoto. Katika majonzi hayo watu wa Uamsho walimkuta Josia ameketi, wakamwinua. Akaokoka. Akazichoma santuri zake zote nyuma ya kanisa, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kwaya ikiimba, na Alistidia akalia. Watu walidhani ni machozi ya toba. Nusu ya zile santuri zilikuwa zake yeye Alistidia.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa juu ya gunia la mchele.

Santuri ilikuwa ndogo, wimbo mmoja kila upande. Upande wa kwanza uliitwa "Kona ya Kashai," habari ya mume aliyetumwa Kashai kununua chumvi akarudi baada ya masika na vuli, bila chumvi. Upande wa pili uliitwa "Semina." Huo ulimhusu bwana mkubwa anayesafiri kila mara kwenda kujifunza juu ya ugonjwa, anarudi na mkoba mpya, huku kwao wanazika, na kiitikio kilikuwa maneno mawili tu, "Chai kwanza," yaliyopigiwa makelele na watu wazima kana kwamba nyumba inaungua. Josia mwenyewe alikuwa amehudhuria semina kadhaa na mikoba alikuwa nayo. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kofia.

Sauti ya Philbert ilikuwa imekwaruzika kwa umri, na hilo lilimpendeza, maana yeye pia alikuwa amekwaruzika. Dramu alipiga kijana fulani wa Nairobi mwenye mkono safi kupita kiasi. Kila mahali ambapo Mushumbusi angechelewa, kijana huyo alifika kwa wakati. Kisha gitaa lilirudi, na Josia akajikuta amesimama.

Kesho yake alirudi kuulizia chaki. Na kesho kutwa. Ikashuka santuri nyingine, yenye wimbo juu ya mashimo ya barabara ya Muleba, na huo ulikuwa na mwendo wa kasi ambao mtu hawezi kuusikiliza akiwa ameketi. Josia akavua koti la kaunda suti, akalitundika kwenye msumari, akacheza roki kati ya mchele na makatoni ya sabuni kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alitoka humo kila siku shati limemganda mgongoni, macho mekundu, anapumua kwa shida, na uso wenye amani ambayo kanisani hakuna aliyewahi kumwona nayo. Kitambi kikaanza kupungua. Akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine.

Hapo ndipo alipoingia Joviana. Joviana alikuwa katibu wa umoja wa wanawake wa usharika, mwanamke mwenye huruma nyingi na muda mwingi. Alikuwa amemwona Ta Josia akiingia kwa Jagdish mara nyingi mno kwa mtu asiyetoka na kitu mkononi. Akamuuliza Kantaben, aliyekuwa akikaa mlangoni akichambua choroko, mzee wa kanisa anafanya nini humo ndani. Kantaben alikuwa ameonywa na mwanawe asimtajie mtu habari za santuri. Kwa hiyo akajibu kwa neno ambalo Jagdish hulitumia kwa utani.

"Anapata dawa yake," akasema, akaendelea na choroko.

Joviana hakumwambia mtu. Aliwaomba tu wanawake wenzake wamkumbuke Ta Josia katika maombi, bila kuuliza kwa nini, na wakiuliza kwa nini, watazame mkanda wake.

Baada ya hapo mambo yalianza kumwendea Josia vizuri kwa namna isiyoeleweka. Ofisini, safari ya kukagua shule ya Goziba, ambayo kwa miaka aliomba aondolewe kwa sababu anatapika kwenye boti, ilipewa mtu mwingine bila yeye kuomba tena. Wasimamizi wa harusi walimwachia aongee anavyotaka. Kwaya ilimwimbia nyimbo za msiba, moja baada ya nyingine, na mwalimu wa kwaya akamuuliza kwa upole ipi humgusa zaidi. Watu waliokuwa wakimpa mkono sasa walimpungia. Na siku moja, kwenye kikao cha wazee wa kanisa, aliona kikombe chake cha chai kimepakwa rangi nyekundu kwenye kitako. Mchungaji akaeleza kwamba ni heshima tu.

Josia alikitazama kile kikombe, na akaelewa yote kwa mkupuo. Alifungua mdomo aseme ukweli. Halafu akaona ukweli wenyewe ulivyo. Mgonjwa huombewa, huletewa ndizi na maziwa, husamehewa safari za Goziba. Mzee wa kanisa anayecheza roki dukani kwa Mhindi hutengwa. Akafunga mdomo, akanywa chai. Na kusema kweli, njia ya kwenda kwa Jagdish ilikuwa imerahisika: wakimwona anakuja, watu walimpisha kwa huruma.

Habari zilifika Muleba. Ishengoma, baba yake mdogo, hakuwa mtu wa kungoja mpaka aitwe. Alikuja Kibeta siku Josia yupo kazini, amefuatana na watu wa ukoo, wakauzunguka mgomba mmoja baada ya mwingine, wakapima kibanja kwa hatua na kuulizana kama ule mti wa mpakani ndio wenyewe. Kisha Ishengoma akaketi, akapewa punje za mwani, ile kahawa ya kutafuna, akamweleza Alistidia kwamba ukoo hautamtupa. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe, pamoja na uzee wake na wake wengine alio nao, yu tayari kuubeba mzigo. Aliutaja mzigo huku akimtazama. Alistidia akamwongezea mwani.

Josia aliporudi, mkewe alikuwa ameketi barazani hajapika.

"Baba Koku," akamwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "baba yako mdogo ameniposa leo."

Josia akasimama na baiskeli mkononi.

"Nataka nijue kama nimeshakuwa mjane. Naona mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

Josia akaegemeza baiskeli. Ikaanguka, akaiacha pale chini. Akasema kwamba haumwi. Mkewe akamwambia amemwona anavyokonda, amefua mashati yake yanayonuka jasho la homa, na mji mzima unajua habari ya dawa ya Mhindi.

"Si dawa, Mama Koku. Ni Vimondo."

"Vimondo gani?"

"Wale wale. Wametoa santuri mpya."

Jirani akapita, akaamkia, hakujibiwa.

"Umezisikiliza peke yako," Alistidia akasema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msimu wa senene."

"Nimelala usiku nikisikiliza kama unapumua," Alistidia akasema. "Nimefunga kula nikikuombea usife. Na wewe unacheza." Akainuka, akajipangusa kanga. "Kesho unanipeleka."

Kesho yake walikwenda. Jagdish alipomwona Alistidia mlangoni alidhani amekuja kupigana, akaanza kueleza habari za chaki. Alistidia akampita, akaingia chumba cha nyuma, akavua viatu, akasema waanze na ule wa Kashai. Alisikiliza wa kwanza amesimama bila kusogea, mikono kifuani, kama mwalimu anayekagua kucha za wanafunzi. Wa pili ulipofika kwenye gitaa, bega lake moja likatikisika. Jagdish akawaachia chumba.

Sasa, Ishengoma hakuwa amerudi Muleba. Alikuwa amelala kwa mchungaji, na asubuhi hiyo alikuwa amemshawishi kwamba ukoo una haki ya kujua mganga huyo wa Kihindi anampa mtoto wao dawa gani, maana mgonjwa akizidi kucheleweshwa na dawa, hata mipango inavurugika. Mchungaji alikuwa ametoka kwenye semina Mwanza, mkoba mpya kwapani. Joviana akawafuata ili kuwaonyesha njia, ingawa duka lilikuwa barabara kuu. Wakampita Kantaben, wakasukuma mlango.

Walichokiona ni mzee wa kanisa na mkewe, wote wamevua viatu, wanaruka kati ya magunia huku wakipiga kelele "Chai kwanza."

Josia akaganda. Alistidia hakuganda, alimaliza wimbo. Sindano ilipofika mwisho na kuanza kukwaruza patupu, mchungaji akahamisha mkoba, akauweka nyuma ya mgongo.

"Mzee Josia," akasema, "tumekuombea."

"Nimeona, Mchungaji. Nashukuru."

Ishengoma alikuwa akimtazama mwanawe juu mpaka chini. "Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, tata."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ishengoma akaketi juu ya gunia, akashika tama kama aliyefiwa. Alisema kwamba amepoteza nauli ya watu wengi kwa jambo ambalo lingeweza kusemwa mapema, na kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima kwa wazee. Josia alikuwa na mvi.

Baraza la wazee wa kanisa likakaa. Shauri lilikuwa gumu, kwa sababu Josia hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaumwa, na uongo ulikuwa umesemwa na wengine wote, hasa katika maombi. Likabaki kosa la roki. Ikaonekana haki haiwezi kutendeka bila kusikia ushahidi, basi gramafoni ikaletwa ofisini, santuri ikapigwa. Mweka hazina akasema hakusikia vizuri ubeti wa pili, ikarudiwa. Mzee mmoja mwenye umri wa Josia aligonga meza kwa vidole mahali panapotakiwa hasa, akakohoa ili kufunika. Mwisho wakamvua uzee wa kanisa, wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Josia akauliza toba itajulikanaje. Mchungaji akafikiri, akajibu: siku atakayozisikia zile nyimbo na asifurahi.

"Hapo itachukua muda," Josia akasema, bila utani wowote.

Akanunua santuri, akaazima gramafoni, na jioni Kibeta ikawa inasikia roki kutoka kibanja cha Rugaibula. Goziba alirudishiwa, akatapika kama zamani. Kwa kuwa sasa alicheza na mkewe, na baada ya kucheza mkewe alimpikia, kitambi kilirudi, na matundu mapya ya mkanda yakaachwa moja moja. Watu waliliona hilo. Mji ulikuwa umekwishaamua kwamba Josia aliumwa, na mji haukuwa tayari kujikosoa. Kilichobaki ni neno moja tu: amepona.

Wakaanza kuja kwa Jagdish.

Wa kwanza walikuja kwa siri, kupitia uani, wakamnong'oneza kwamba wanataka ile ya Ta Josia. Jagdish akaapa kwamba hana dawa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyomwamini. Kisha wakaja mchana, kutoka Kashai, kutoka Muleba, mvuvi mmoja kutoka visiwani akiwa amebebwa na wenzake. Walikaa mbele ya duka, kwenye ngazi, wembamba, wamevaa makoti kwenye jua. Kantaben aliwapa maji, akaacha kutumia lile neno lake la dawa. Jagdish alishindwa kula. Akaenda ofisini kwa Josia, akamwambia, "Hawa ni wageni wako, Ta Josia. Njoo uwaambie mwenyewe."

Josia alikwenda. Alikuwa amezoea kusimama mbele za watu, lakini siku hiyo alivua kofia kwanza, akawaeleza yote: kwamba hakuumwa hata siku moja, kwamba alikuwa akijificha kusikiliza muziki wa ujana wake, kwamba aliona aibu, na kwa ajili ya aibu hiyo aliwaacha watu wamdhanie ugonjwa. Akasema angekuwa na dawa angemnywesha mdogo wake.

Mzee mmoja akainuka, akasema kwa adabu ya Kihaya kwamba ameelewa, waitu, siri ya mtu ni ya mtu, akaondoka kwa fimbo yake. Wengine wakamfuata. Mwanamke mmoja alibaki kwenye ngazi, Zabibu, aliyekuwa akiuza dagaa Kashai kabla hajaishiwa nguvu.

"Nimekusikia," akamwambia Josia. "Dawa hamna. Lakini nimetembea kutoka Kashai mpaka hapa na siwezi kurudi sasa hivi. Basi nipigieni hiyo santuri nikiwa napumzika."

Wakamwingiza chumba cha nyuma, wakamkalisha kwenye gunia, wakamwekea katoni ya kuegemea. Jagdish akapiga ule wa Kashai. Zabibu alisikiliza ameinamisha kichwa. Mahali pa chumvi akasema anamjua huyo mume, ni shemeji yake. Walipogeuza upande, na kile kiitikio kikapigwa, alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na alipotulia akaomba urudiwe. Waliokuwa wameanza kuondoka walisikia kicheko. Mmoja akarudi kuchungulia, kisha wengine. Josia akawasogezea magunia.

Ikawa hivyo kila siku ya soko. Jagdish aliuza mchele wote kwa bei ya kutupa ili apate nafasi ya mabenchi, na Alistidia alileta uji. Hakuna aliyepona. Joviana alikuja kuona kinachoendelea, akabaki kuosha vikombe, vyote kwenye beseni moja. Zabibu alikuja mpaka mvua za masika, kisha akawa anakuja ameshikwa mkono na dada yake. Kisha dada yake akaja peke yake, akakaa mahali pale pale, akaomba upande wa pili.